Neno la Kujaribia

Jumatatu, 3 Februari

Wifi yangu Kipanya,

Laptopu imefika salama. Mtu wako ameileta imeviringishwa kwenye sweta mbili kama mtoto mchanga, na mimi nimeipokea hivyo hivyo. Kaka yako kaiinua, kaipima uzito kama anavyopima ngozi, kisha akasema, "Hii itatufaa kuegemezea mlango." Unamjua.

Nimeifungua ile programu uliyoniwekea humo, ya kutengeneza tovuti kwa kuburuta vitu bila kujua lugha za kompyuta. Ulisema ni kama kupanga vyombo kabatini. Kabati gani hilo, wifi? Naweka kisanduku cha picha kushoto, kinaruka juu. Nakirudisha, maandishi yanakimbilia chini ya ukurasa na kujificha huko. Nikigusa kimoja vyote vinatawanyika, utadhani kuku waliorushiwa jiwe. Jana nimepoteza jina la karakana yetu ya viatu kabisa. Nimelitafuta mpaka chai ikapoa, kumbe lipo palepale, ila nililipaka nyeupe juu ya nyeupe.

Jirani wa duka la simu aliniuliza, "Mama, wifi unayo?" Nikamjibu, "Ninaye, mmoja tu, tena yuko mbali." Alicheka mpaka akashika ukuta. Ndipo nikajua alikuwa anaulizia mtandao. Sasa ananigawia wa kwake.

Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu humu karakanani ukipiga chafya unapewa pole na kila mtu. Kaka yako yuko mezani kwake, mimi niko kwenye cherehani, na katikati yetu kuna pazia tu. Sitaki asikie ninavyohangaika.

Nataka ukurasa uwe tayari mapema. Watu ambao miguu yao haielewani na viatu vya dukani wako kila mji, lakini wanaotujua sisi ni wa mitaa hii tu. Usiniulize haraka ni ya nini. Nimeshikwa na hamu, basi. Nikikaa nasimama, nikisimama nakaa.

Kaka yako mzima. Anakusalimu.

Wifi yako,
Sindano (ndiyo, bado ananiita hivyo, hata mbele ya wateja)


Alhamisi, 6 Februari

Wifi Sindano,

Nimecheka peke yangu ofisini mpaka nimeonekana mwehu.

Kosa lako ni moja. Unatundika picha kabla hujajenga ukuta. Ukurasa wote ni visanduku ndani ya visanduku. Kwanza buruta sehemu kubwa, ishike upana wote. Ndani yake weka safu mbili. Ndani ya kila safu ndipo uweke picha au maneno. Kile cha nje kinaitwa mzazi, cha ndani kinaitwa mtoto, na hayo majina sikuyatunga mimi. Ukimhamisha mzazi, watoto wanamfuata. Ukimpa mzazi rangi, na watoto inawaangukia. Ukilishika hilo, visanduku vitakutii.

Halafu picha. Mimi ningeanza na moja tu, kubwa, juu kabisa: mikono ya kaka ikikata ngozi. Mikono peke yake, kwa sababu ule uso wake wa Jumatatu utafukuza wateja. Mtu akiiona ile mikono hatasoma hata neno, atakuja tu.

Habari za huku: wanataka kunipa timu yangu mwenyewe niiongoze. Nimeambiwa nijibu kabla mwezi haujaisha. Tangu nilipoacha kila kitu nikarudi nyumbani kumuuguza baba, hii ni mara ya kwanza mtu kuniita kiongozi bila kunitania. Ninafurahi, lakini situlii. Naenda dirishani narudi, naenda narudi, hadi mwenzangu mmoja ameniuliza nimepoteza nini.

Mwambie kaka asiitie laptopu gundi.

Kipanya


Jumatano, 12 Februari

Kipanya wangu,

Kwanza hongera. Ukubali. Usisubiri mwisho wa mwezi, jibu kesho. Mtu akikupa kiti, kaa.

Mzazi na mtoto nimewaelewa. Visanduku sasa vinakaa, au tuseme vinakaa mpaka nivichokoze, na mimi siwezi kuacha kuvichokoza. Nimeweka rangi ya kahawia, nikaenda kwenye kijani, nikaenda kwenye nyekundu, nikarudi kwenye kahawia. Nimegundua pia pale pa kutazama ukurasa utakavyoonekana kwenye simu. Kila kitu kinajipanga foleni, kimoja nyuma ya kingine, kwa adabu ambayo kwenye laptopu hakina.

Picha ya mikono bado. Mwanga wa humu ni mbaya na kaka yako hapendi kamera. Badala yake nimepiga picha rafu ya kalibu, yale maumbo ya miguu ya mbao aliyochonga baba yenu, na mengine aliyochonga kaka yako. Yamependeza. Kila mteja na mguu wake, umeandikwa jina kisiginoni.

Jana kaka yako aliuliza kutoka upande wake wa pazia:

"Unafanya nini huko?"

"Napanga visanduku."

"Vikishapangika?"

"Watu watatuona."

"Watamwona nani?"

Nikaendelea kuburuta. Nikasikia kiti kinasogea, akatoka nje, akazunguka mtaa na kurudi. Siku hizi anatembea sana. Anasema ni kwa ajili ya mgongo.

Swali langu: ukurasa huu niliouchukua tayari umepangwa umekuja na maneno ya lugha isiyo ya mtu yeyote. Niyafanyeje?

Sindano


Ijumaa, 14 Februari

Wifi,

Hayo maneno ni ya kujazia tu, uone herufi zinavyokaa. Yafute, andika lolote linalokujia. Likishakupendeza kwa ukubwa na rangi, utaliondoa na kuweka la kweli. Usifikiri sana.

Upande wa kushoto kuna mahali pa wateja. Ingiza mawasiliano yao, na yangu pia. Ukurasa ukitoka, programu itawapelekea habari yenyewe.

Sasa nisikilize. Nilimpigia kaka juzi. Nilisikia kitu cha chuma kinaanguka sakafuni, akasema "ngoja kwanza," akakata. Mpaka leo hajanipigia. Wewe nikikuuliza picha unaniambia mwanga. Mmegombana? Mimi ni dada yake, lakini na wewe ni mtu wangu. Niambieni tu.

Kipanya


Alhamisi, 20 Februari, asubuhi

Wifi,

Nimesimama kwenye foleni ya lifti, simu ikalia, nikafungua. Nimesoma mara tatu kwa sababu macho yangu yalikataa.

TUMEFUNGA. AHSANTENI KWA MIAKA YOTE.

Kwa herufi nyekundu, kubwa kama za tangazo la barabarani. Na chini yake kalibu za baba zimelazwa kwenye rafu. Kaka hayupo. Jina lake halipo, picha yake haipo. Ulikuwa unanizungusha kumbe kuna hili. Umechoka na karakana, pengine umechoka na kaka yangu pia, na mimi kwa mikono yangu nikakutumia chombo cha kutangazia, tena nikakufundisha na jinsi ya kupanga visanduku.

Baba alijenga ile karakana akiwa hana hata meza. Alikuwa anakatia ngozi magotini. Kama mnafunga, fungeni, ni haki yenu. Lakini nilistahili kuambiwa kabla ya wateja wenu, yule dereva wa basi na yule muuguzi wa zahanati. Mimi nimejulishwa na programu!

Kipanya


Alhamisi, 20 Februari, baadaye kidogo

Umeiona wapi?

Wifi, nilibonyeza Chapisha nipate karatasi! Nilitaka kuona herufi zinatoshaje kwenye karatasi. Nikaenda kwa jirani wa simu nikasimama mbele ya mashine yake nasubiri itoke, haikutoka kitu, nikailaumu mashine yake, nikarudi kushona. Lile lilikuwa neno la kujaribia tu. Ulisema niandike lolote.

Nifundishe kwanza kuliondoa, matusi nitakuja kuyapokea baadaye. Dereva wa basi yuko mlangoni, yule wa mguu mmoja mfupi. Ananipa pole, na kaka yako anamuuliza pole ya nini. Haraka tafadhali.

S.


Alhamisi, 20 Februari

Juu kulia kuna jina la ukurasa. Bofya hapo, kisha Mipangilio, kisha shuka mpaka mwisho, utaona Ondoa Hewani. Itakuuliza una uhakika. Sema ndiyo. Chapisha kwao maana yake ni kutoa nje dunia nzima ione, karatasi haihusiki. Hilo nilipaswa kukwambia.

Nimepoa, ila kidogo. Nilipanda ngazi kwa miguu badala ya lifti, na nikiwa njiani nikajiuliza: mtu akiambiwa aandike lolote linalomjia, kwa nini wewe likujie hilo? Nikakumbuka na kile chuma kilichoanguka. Na picha ambayo haipigwi. Na kutembea kwake.

Wifi, ni mikono?

Kipanya


Jumamosi, 22 Februari

Kipanya,

Ndiyo. Ni mikono.

Ilianza mwaka jana, kidole gumba cha kulia, kikawa kama kinaviringisha uzi usioonekana. Tukasema ni uchovu. Kisha mkono mzima, kisha na ule wa kushoto ukawa unajaribu. Daktari alitaja ugonjwa ule ule wa kutetemeka wa baba yenu. Dawa anameza na siku nyingine zinamsaidia, siku nyingine kisu kinamtoka na kuanguka kama ulivyosikia. Miezi yote hii mimi ndiye ninayekata baada ya yeye kutoka kwenda kutembea. Yeye anajua kwamba nakata, mimi najua kwamba anajua, na hakuna aliyefungua mdomo.

Aliniapisha nisikwambie. Alisema, "Kipanya ataacha kila kitu tena. Aliacha mara moja, inatosha." Nikaapa, na toka siku ile roho yangu iko juu juu. Ndiyo ile haraka yangu. Nilifikiri wakija watu wengi, kutoka mbali, hataweza kufunga. Nani anafunga mlango na watu wamejaa ndani?

Na yale maneno si yangu, ni ya kaka yako. Unakumbuka alivyokuwa akivua aproni jioni na kumtania mteja wa mwisho, "Tumefunga, ahsanteni kwa miaka yote," na watu wanacheka? Bado anayasema kila jioni. Siku hizi anayasema hata kama hakuna mteja. Ukaniambia niandike linalonijia. Likanijia hilo.

Sasa nikusimulie ya Alhamisi, maana wewe uliishia kwenye simu.

Dereva wa basi aliingia hajavua hata kofia. "Fundi, nimekuja kuchukua mguu wangu," akasema, maana yake kalibu yake. Nyuma yake akaja muuguzi wa zahanati, naye anataka wake. Kaka yako akabaki ameduwaa.

"Nani kafunga?"

Nikasimama. "Mimi. Nimebonyeza vibaya."

Dereva akampa simu. Kaka yako akasoma. Kipanya, nimeolewa naye miaka mingi na sijawahi kuuona ule uso. Nilidhani atanifokea. Akamrudishia dereva simu yake na kusema taratibu, "Hajabonyeza vibaya. Haya ni maneno yangu." Halafu akautoa mkono wa kulia mfukoni, akauinua mbele yao, akauacha utetemeke. Hakuushika na mwenzake kama anavyofanya siku zote. "Huu ndio uliofunga," akasema.

Muuguzi akainamisha macho. Mimi nikawa naangalia sakafu, nilitamani inimeze. Lakini dereva, yule bwana hana breki mdomoni, akapandisha sauti:

"Kwa hiyo mimi nitembee peku? Soli ya kulia imeisha. Breki ya basi naikanyaga kwa mguu huo huo. Watu wote wale nyuma yangu niwaambie nini, kwamba fundi kajisikia vibaya?"

"Nimekwambia mkono hauwezi."

"Na mdomo? Na huyu hapa?" Akanionyesha mimi. "Kiatu hiki nilichochukua miezi kadhaa iliyopita nani kakata? Unadhani sijaona? Mshono ni ule ule, ukataji si wako. Kinanibana kidogo hapa pembeni, lakini natembea."

Kaka yako akasema bila kunitazama, "Sindano, lete kisu."

Nikakata mbele yao. Kipande cha kwanza nimekiharibu. Akanifokea, nami nikamfokea, tena kwa sauti, mbele ya wateja, mambo ambayo tungepaswa kuambiana mwaka jana. Muuguzi alijifanya anasoma majina kwenye kalibu. Kipande cha pili alinishika kiwiko, mkono wake ukitetemeka mpaka kwenye mfupa wangu, akaniambia, "Usisukume. Vuta. Kisu kinakuja kwako, hakikimbii." Nikavuta. Kimetoka vizuri.

Tangu hapo hatujaongea sana. Anazunguka ndani kama simba wa kufugwa. Lakini pazia la katikati ameliondoa yeye mwenyewe. Anasema linaziba mwanga.

Nimevunja kiapo. Nakuomba usije. Kubali ile kazi.

Wifi yako,
Sindano


Jumatatu, 24 Februari

Wifi,

Umenikuta nimeshafanya. Asubuhi nimemwambia bosi hapana, na mchana nimekata tiketi. Sikutaka kufikiri, nikifikiri nitaogopa.

Nisamehe kwa yale niliyokuandikia. Wewe umebeba mzigo wa nyumba yetu mwaka mzima huku mimi nikikufundisha rangi.

Kuna jambo sijamwambia mtu. Kila asubuhi kabla ya chai naweka mikono yangu mezani, naitazama. Nahesabu pumzi, naangalia kama kidole chochote kitajitikisa chenyewe. Nimefanya hivyo tangu msiba wa baba. Siku nikilala vibaya naona kimetikisika, kisha najiambia ni baridi. Sasa ugonjwa umemshika kaka, na mimi ndiye ninayefuata kuzaliwa. Ndiyo maana nikikaa ofisini natembea. Nikitembea, mikono haionekani.

Usimwambie kama nakuja. Nitatokea tu mlangoni, hapo hataweza kunikataza. Najua kazi ya kuuguza, nimeifanya. Najua dawa, najua kumlisha, najua kumfunga vifungo vya shati.

Kipanya


Jumatano, 26 Februari

Kipanya,

Ni mimi. Naandika kwa kidole kimoja, kile kinachotii. Wifi yako kanikalisha mbele ya mashine hii na kuondoka. Ameniambia yote. Hawezi kunificha kitu tena, anasema amechoka kula viapo.

Usije kunilisha. Nina mdomo na nina kijiko. Nikimwaga, sakafu itafutwa.

Wewe ulirudi kumuuguza baba kwa sababu baba aliamua kuketi. Mimi nilikuwepo. Asubuhi moja aliweka kisu mezani akasema basi, akaenda kukaa kwenye kiti kile cha dirishani, na hakuna aliyemwinua tena. Alikuwa na haki yake. Alikuwa amechoka. Nami mwaka huu wote nimekuwa nikikizunguka kiti hicho. Kila jioni nakiona kinaniita. Hayo matembezi yangu wifi yako aliyokwambia, nilikuwa nakikimbia kiti.

Siketi. Nimeamua Alhamisi ile, baada ya yule dereva kunitukana. Sijui nitasimama mpaka lini. Daktari naye hajui. Lakini leo nimesimama.

Mikono yako acha kuitazama. Mkono ukitazamwa sana utatetemeka hata kama ni wa chuma. Kama una wasiwasi, nenda kwa daktari akuangalie, ujue moja. Usijihukumu mezani.

Na hiyo kazi rudi ukaiombe. Tiketi usiitupe, isogeze mbele mpaka likizo. Uje kama mgeni, ule, ulale, ubishane na mimi. Tena uangalie na huu ukurasa, maana wifi yako ameupaka rangi nne kwa siku moja na akiniuliza ipi nzuri nasema zote ili nipate amani.

Imenichukua asubuhi nzima kuandika hii. Usiniandikie ndefu.

Kaka yako


Jumanne, 4 Machi

Kaka, na wifi, nawaandikia wote wawili,

Siandiki ndefu.

Nimerudi kwa bosi. Nimechelewa, nafasi amepewa mwingine, na si mtu mbaya, anajua kazi. Mimi nimebaki kwenye meza yangu ya zamani. Nililia kidogo chooni, nikanawa uso, nikarudi. Bosi amesema ikitokea nyingine atanikumbuka. Huenda ni kweli, huenda ananipaka mafuta tu.

Tiketi nimeisogeza.

Kwa daktari nimeenda. Amenishikisha hiki, amenigusisha pua, amenitembeza ukumbini kwenda na kurudi mbele ya watu. Anasema kwa sasa haoni kitu. Nikamuuliza na baadaye je? Akasema, "Baadaye siioni mimi wala wewe." Nilitaka anipe neno zaidi ya hilo, sikulipata. Nimetoka pale nikatembea mpaka nyumbani, mbali, viatu vikanichuna.

Wifi, ukurasa nimeuangalia. Weka ile ya kahawia uache kuhangaika. Maneno umeandika mazuri, sikugusa. Ila kichwa cha habari kiko juu mno, kishushe, kipe nafasi kipumue. Mzazi mpe upana, watoto watakaa. Kisha bonyeza Chapisha, safari hii kwa makusudi.

Kipanya


Ijumaa, 21 Machi

Kipanya,

Niliubonyeza. Nilifumba macho, nikabonyeza, kisha nikaenda kufagia uwanja ambao ulikuwa msafi. Siku ya kwanza kimya. Ya pili kimya. Nikawa naufungua ukurasa kila mara kama mtu anayechungulia sufuria. Kaka yako akasema, "Ukifunua funua hakitaiva." Nikamwambia akae kimya.

Leo ndiyo nina la kukusimulia, tena bado mwili wangu haujatulia, nisamehe nikiruka ruka.

Asubuhi ameingia mama mmoja simjui. Ametoka mji mwingine, amesafiri toka alfajiri. Amevaa vizuri, mkoba mkononi, lakini miguuni ana raba za kiume, kubwa kuliko yeye. Akasimama kizingitini. "Ni nyinyi wa kwenye mtandao?" Nikasema ndiyo, nikamkaribisha kiti. Akakaa pembeni kabisa ya kiti, kama anayetaka kukimbia.

Ni mwalimu, siku nzima yuko wima ubaoni. Mguu wa kushoto umepoteza vidole vyote kwa ugonjwa wa sukari, na ule wa kulia umeanza kupinda kwa kumsaidia mwenzake. Amezunguka kwa mafundi. Mmoja alimwambia avae soksi nyingi. Mwingine aliita wenzake waje waone.

Nikamwambia avue tuone. Akavua raba. Soksi akaishikilia.

"Hamwezi kupima juu ya soksi?"

Kaka yako akamwambia kwa upole kwamba kalibu haichongwi kwa kubahatisha. Mama akatikisa kichwa. Akaishika ile soksi kwa mikono miwili, juu kabisa, kama mtu anayeshikilia mlango usifunguliwe. Macho yakamjaa. Akasema labda arudi siku nyingine, na sote tulijua kwamba hakuna siku nyingine.

Mimi nikaweka chini uzi niliokuwa nao. 

Basi kaka yako akavuta kile kigoda kifupi, akakaa chini mbele yake. Na leo, Kipanya, haikuwa siku nzuri. Asubuhi hata kikombe nilimshikia mimi. Akanyoosha mkono wa kulia kuchukua futi ya kupimia iliyokuwa sakafuni, karibu na miguu ya yule mama. Mkono ukaenda unatetemeka, ukaikosa. Ukarudi, ukaikosa tena. Nikataka kuinama nimwokotee. Akanikatalia kwa jicho. Akaendelea, bila haraka, mbele ya mgeni, mpaka akaishika. Kisha akauweka mkono juu ya goti lake, futi inatikisika, akangoja.

Mama akautazama ule mkono. Akautazama kwa muda. Kaka yako hakuuficha.

"Umeanza lini?" mama akauliza.

"Mwaka jana."

"Na bado unafanya kazi?"

"Tunafanya. Mimi nasema, yeye anakata. Tunagombana sana."

Mama akacheka, kidogo tu, kwa pua. Halafu akainama, akavua soksi, akaikunja vizuri na kuiweka juu ya mkoba wake. Akauweka mguu kwenye goti la kaka yako.

Wako pale sasa hivi ninavyokuandikia. Yeye anaupapasa na kutaja vipimo, mama anauliza kama kinaweza kuwa na kisigino, kifupi tu, maana zamani alikuwa anavaa. Kaka yako anamwambia tutaona. Ananiita. Naandika na yeye ananiita, "Sindano, acha hiyo mashine, njoo ushike futi."

Naenda.

Wifi yako